Songdo, mji inakotoka dawa ya binti yangu

Kutoka uwanja wa ndege wa Incheon, Korea Kusini, basi letu lilipita juu ya bahari kwa daraja la zaidi ya kilomita 18. Ng'ambo ndiko Songdo. Zamani palikuwa tope la pwani, maji yakitoka watu wakiokota kombe. Bahari ikafukiwa, sasa ni maghorofa.

Nilikwenda kwa mafunzo ya kazi, lakini moyoni nilikuwa na safari yangu nyingine. Binti yangu ana miaka 12 na anaugua Crohn: kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Kila baada ya wiki nane huwekewa dripu ya infliximab. Mwaka jana daktari alituambia aache dawa ya awali, Remicade, ahamie Remsima, ambayo bei yake ni nafuu. Sikulala. Kwetu kitu kinachofanana na kingine kwa bei ya chini tunakiita feki.

Jumamosi nikatembea hadi kwenye kiwanda cha Celltrion, wenye Remsima. Niliona kuta ndefu na mlinzi mpole, basi. Aliyenifumbua macho ni mwenzetu mmoja wa mafunzo, Mkorea, tukiwa tunakula. Dawa hii haichanganywi kama panadol. Hutolewa na chembe hai zinazokuzwa kwenye matangi, na chembe hai hazitoi nakala inayolingana kwa kila kitu. Hata dawa ya awali, toleo moja hutofautiana kidogo na jingine. Ndiyo maana Remsima inaitwa bayosimila, na kabla Ulaya haijaikubali mwaka 2013 ilibidi ipimwe kwa wagonjwa sambamba na Remicade.

Usiku nikasoma zaidi kwenye simu. Norway walichukua wagonjwa 482 wa Remicade, wakawahamisha nusu bila mgonjwa wala daktari kujua. Baada ya mwaka, waliozidiwa pande zote mbili walikaribiana. Ila kwa wenye Crohn peke yao pengo lilikuwa pana zaidi, nikakosa usingizi tena, mpaka nilipokuta utafiti wa 2019 wa wagonjwa wa Crohn tu: dawa mpya haikuzidiwa na ya zamani.

Mzazi mwenzangu, kipimo cha TB kabla ya dripu ya kwanza kiko palepale kwa dawa zote mbili, kwani zinaweza kuamsha TB iliyolala mwilini.

Binti alipiga simu kuuliza, "Mama, umeiona dawa yangu?"

Nikamwambia nimeona ukuta tu. Akacheka, akaniagiza viatu.