Kufunga Ekstensheni Kwenye Meza ya Kazi: Funzo la Somo la Mfano

Mwalimu anayeanza kazi mara nyingi hudhani kuwa mambo ya ufundi hayamhusu, maadamu yeye si seremala wala fundi umeme. Huona kuwa wajibu wake ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwamba bisibisi na skrubu ni vya watu wengine. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kazi ndogo ya kufunga ekstensheni kwenye meza ya kazi ilivyotusahihisha sisi, wakufunzi wawili, mbele ya wale tuliokwenda kuwafundisha.

Shule tunayoizungumzia iko Mikocheni, Dar es Salaam. Jina hilo latokana na miti ya mikoche. Lakini anayekaa huko wakati wa masika hukumbuka maji zaidi ya miti. Sehemu nyingi za eneo hilo ziko chini, na mvua ikinyesha kwa wingi maji hutuama uani na hata kuingia vyumbani. Chumba cha kazi za mikono cha shule hiyo kina meza moja kubwa ya mbao na soketi moja tu ukutani. Kwa hiyo ilitumika ekstensheni yenye soketi sita, nayo ilikuwa ikilala sakafuni chini ya meza. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, tuliikuta imelala majini. Kwa bahati plagi ilikuwa imechomolewa jioni iliyotangulia. Ekstensheni ile ilitupwa, ikanunuliwa nyingine, na mwalimu mkuu akatuomba tuifunge mahali pa salama.

Tungeweza kuifunga wenyewe kwa nusu saa. Lakini tulikuwa na wanachuo wanane katika mazoezi ya kufundisha, tukaona ni afadhali kazi hiyo iwe somo la mfano kwa Darasa la Sita, nao wanachuo wakae nyuma na kuandika waliyoyaona.

Tulianza na usalama. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, nguvu inayotosha kabisa kuua mtu. Kwa hiyo plagi iliwekwa juu ya meza ya mwalimu ambapo kila mtoto aliiona, na hakuna aliyeruhusiwa kuisogeza hadi mwisho wa somo. Tulieleza kuwa kasha la ekstensheni halifunguliwi wala halitobolewi, kwamba waya haupigiliwi msumari, na kwamba soketi ya ukutani ni kazi ya fundi mwenye leseni. Kisha tukaingiza hesabu. Fyuzi ya plagi ile ni ya ampia 13. 13 mara 230 ni wati 2,990. Je, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 vyaweza kutumika pamoja? Watoto walijumlisha, wakapata 3,200, wakakataa. Tuliongeza kuwa fyuzi isitegemewe kukata mara moja kwa ziada ndogo kama hiyo. Kabla ya kukata, waya na soketi huweza kupata joto kwa muda mrefu.

Swali lililofuata lilikuwa la mahali pa kuifunga. Mtoto mmoja alisema juu ya meza. Wenzake wakamjibu kuwa takataka za randa zitaingia katika matundu. Mwingine alisema ubavuni mwa mbele. Ikaonekana kuwa waya utapita mbele ya tumbo la anayefanya kazi. Mwishowe walikubaliana juu ya ubao wa nyuma wa meza, soketi zikitazama mbele, na waya ukitokea upande wa ukutani ili mtu asiuruke. Hadi hapo somo lilikwenda vizuri, nasi tulijiona mahodari.

Mgongoni mwa ekstensheni kulikuwa na matundu mawili yenye umbo la tundu la ufunguo, pana upande wa chini na jembamba upande wa juu. Kichwa cha skrubu huingia penye upana, kisha chombo hushushwa kidogo ili shingo ya skrubu ikae penye wembamba. Matundu hayo hayakuwa katika mstari mmoja. Tulipoutazama mgongo, tundu la kushoto lilikuwa juu zaidi ya lile la kulia kwa sentimita 1.2, na umbali wa kwenda kulia ulikuwa sentimita 31.5. Tuliweka karatasi juu ya mgongo, tukasugua kwa penseli hadi alama zikatokea, tukaandika JUU kwenye ukingo wa juu. Kisha tukaibandika karatasi kwenye ubao wa meza, maandishi yakitutazama, tukatoboa kwa msumari, tukakaza skrubu, tukaacha vichwa vitokeze milimita tatu hivi.

Ekstensheni ilipotundikwa ilikaa upogo. Watoto walicheka. Wanachuo waliinama, wakaandika.

Tukiri kwamba wazo la kwanza lililotujia lilikuwa kulaumu kiwanda. La pili lilikuwa kuwaambia watoto waende mapumziko, nasi turekebishe wakiwa nje. Tulisimama kwa muda ambao kwetu ulikuwa mrefu, kisha tukaishusha na kuwauliza watoto: kosa liko wapi? Wengine walisema rula ni mbovu. Walipima upya, wakaona vipimo ni sahihi. Msichana mmoja akainua kiganja chake, akakigeuza, akasema: “Mwalimu, karatasi ilikuwa inatazama mgongo. Kushoto kwa mgongo ni kulia kwa uso.”

Ndivyo ilivyokuwa. Tulinakili mgongo tukiutazama, lakini mgongo huo ulipaswa kuutazama ubao. Karatasi ilitakiwa kugeuzwa, upande wenye alama uelekee mbao. Tuliwauliza tena: kwa nini tofauti ya urefu imekuwa sentimita 2.4 na si 1.2? Hapo ndipo hesabu ilipopata maana. Skrubu ya kushoto ilikuwa juu kwa 1.2 wakati ilitakiwa kuwa chini kwa 1.2, kosa la kugeuza huhesabiwa mara mbili. Watoto wawili walikuja ubaoni kuchora jambo hilo, nao walilichora vizuri kuliko tulivyolieleza.

Tulitoboa alama za karatasi kwa msumari, tukaigeuza, JUU ikibaki juu, tukaweka alama upya. Kwa kuwa hatukuwa na pimamaji, mtoto mmoja alilaza juu ya ekstensheni chupa iliyotiwa maji nusu, na maji yakaonyesha kuwa imelala sawa. Waya ulishikizwa kwa vibano, ukaachiwa kitanzi kidogo karibu na kasha ili usivutwe.

Baada ya somo, mwanachuo mmoja alituuliza kwa adabu: “Walimu wangu, kosa hili ningelifanya mimi, mngenipa alama ngapi?” Swali hilo lilituchoma, kwa sababu jibu lilikuwa katika faili zetu. Muhula uliotangulia, mwanachuo mwingine alikosea kipimo mbele ya darasa, akasimamisha somo, akatafuta kosa pamoja na watoto. Tulimwandikia kuwa hakujiandaa, tukampunguzia alama. Ni kweli kwamba hakujiandaa vya kutosha. Sisi pia hatukujiandaa, kwani tungejaribu karatasi ile siku moja kabla, tungeliona kosa. Lakini lile alilolifanya vizuri hatukuliandika popote. Tulimwandikia barua baadaye na kumweleza hivyo. Alama zilikwisha kupelekwa.

Ndugu mwanachuo, tunakushauri mambo matatu. Kwanza, jaribu kila kazi ya mikono mwenyewe kabla ya kuiingiza katika andalio la somo. Kosa la usalama halina nafasi ya pili. Pili, kosa la kipimo likitokea mbele ya darasa, usilifiche wala usilicheke haraka. Liweke mezani kama kifaa kingine cha kufundishia, na uwaulize watoto kabla ya kujijibu. Tatu, utakapokuwa wewe ndiye mkaguzi wa wenzako, andika kosa, lakini andika pia namna lilivyoshughulikiwa.

Matundu mawili ya kwanza yangali yanaonekana kwenye ubao wa meza ile. Seremala wa shule alitaka kuyaziba kwa gundi na unga wa mbao. Mwalimu wa darasa alimwomba ayaache, kwa kuwa huyatumia kila mwaka anapofundisha kugeuza maumbo.