Likizo ya Siku Tano

Ndugu msomaji, mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima katika Wilaya ya Newala. Nina umri wa miaka 36. Nina cheti. Nina mke na watoto watatu. Mtoto wetu wa kwanza ni Somoe, kwa hiyo mke wangu huitwa Mama Somoe.

Siku moja darasani tulisoma neno "utalii". Niliandika ubaoni: U-TA-LI-I. Mzee mmoja akanyosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, utalii ni kusafiri kwenda mahali pasipo na msiba wala mgonjwa?"

Darasa zima likacheka. Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, ni karibu na hivyo."

Akasema, "Basi mimi sijatalii tangu nizaliwe."

Usiku ule nilihesabu safari nilizosafiri pamoja na mke wangu katika miaka kumi na miwili ya ndoa. Tulikwenda hospitali ya Ndanda mara tatu. Tulikwenda kwenye misiba mingi. Tulikwenda harusi moja Masasi, na mvua ikatunyeshea njia nzima. Basi. Hatujapata hata mara moja kwenda mahali kwa ajili ya kutazama tu.

Nikamwamsha Mama Somoe. Nikamwambia, "Mwezi ujao nina likizo. Tutembee. Chagua mahali."

Nilidhani atasema Dar es Salaam. Yeye akajibu upesi, kama mtu aliyekuwa na jibu siku nyingi, "Twende mlango wa Ruvuma."

Tulikuwa tumeweka akiba ya shilingi 400,000 za kununulia mabati ya jiko. Tukakubaliana tuchukue nusu na kidogo. Kaka yangu aliposikia alikasirika. Alisema, "Watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, ninyi mnakwenda kutazama maji! Utalii ni wa Wazungu." Maneno yake yaliniuma kwa sababu mikorosho yangu mingine kweli ilikuwa bado. Nilimlipa kijana mmoja aimalizie.

Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye, alisema maneno machache. "Huko hakuna cha kutazama. Ni maji na tope." Kisha akaingia ndani. Mimi nilifikiri ni uzee.

Tulipanda basi alfajiri, tukapita Tandahimba, tukateremka kutoka nyanda za juu za Makonde hadi pwani. Tulibeba korosho za kukaanga, mkate wa kumimina na kanga mbili za akiba.

Mtwara mjini hatukukaa sana. Tulitazama bandari. Nilimweleza mke wangu habari za karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga nyingi sana katika nchi yetu ili ipate mafuta. Walifyeka mapori ya Nachingwea kwa matrekta. Walijenga reli kutoka huku pwani ili kusafirisha hizo karanga. Karanga zikakataa. Mwaka 1951 mpango ukavunjika, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Bandari ndiyo iliyobaki. Mama Somoe alisema, "Wangewauliza wazee wa Nachingwea kabla ya kufyeka." Sikuwa na la kuongeza.

Siku ya pili tulipanda daladala kwenda Mikindani. Ni karibu, kama kilomita kumi. Ndugu msomaji, kama hujafika Mikindani, nenda. Huko Ulaya ya kusini, katika nchi za Italia, Hispania na Ugiriki, watu huja kwa mamilioni kila mwaka kutazama majumba ya kale na kukaa ufukweni. Sisi tunayo Mikindani, na siku ile watazamaji walikuwa wawili tu, mimi na mke wangu. Mji umekaa kando ya ghuba kama mtoto aliyekumbatiwa. Kuna nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine zimeanguka na mizizi imeota ukutani. Kuna milango ya nakshi. Kuna Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895. Katika miaka ya 1990 lilitengenezwa upya likawa hoteli. Sisi tulilala katika nyumba ya wageni ya kawaida, lakini Boma tulilitazama mpaka jua likazama.

Mikindani ndiko alikoshukia Dakta Livingstone mwezi Machi 1866, alipoanza safari yake ya mwisho. Alikuja na ngamia, nyati, nyumbu na punda. Kwanza alitaka kushukia kwenye mlango wa Ruvuma. Alishindwa. Mikoko na tope vilimzuia kushusha wanyama wake. Ndipo akageuza chombo akaja Mikindani. Hakurudi kwao akiwa hai. Alikufa mwaka 1873, na watu wake waliubeba mwili wake hadi pwani, Bagamoyo. Mke wangu akauliza, "Na hao waliobeba, walikuwa nani?" Nikamtajia Chuma na Susi. Akayarudia majina yale taratibu.

Kutoka hapo tulikwenda Msimbati kwa gari dogo la mizigo. Njia ina mchanga mwingi. Gari lilikwama mara mbili, abiria wote tukashuka kusukuma, akina mama nao. Msimbati ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 650, bahari pamoja na nchi kavu. Humo mna matumbawe, na kasa huja kutaga mayai mchangani. Zamani wavuvi wengine wa pwani hii walikuwa wakitupa baruti baharini. Baruti huua samaki wakubwa na watoto wao, na huvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya samaki. Ukifika, soma bango, ulipe kiingilio, udai stakabadhi, uisome kabla ya kuiweka mfukoni.

Ufuko wa Msimbati ni mweupe kama unga. Mama Somoe hakuwa amepata kuingia baharini. Alisimama ukingoni muda mrefu. Kisha akajifunga kanga vizuri, akaingia mpaka kiunoni, akacheka peke yake. Katika miaka kumi na miwili sikuwa nimesikia kicheko kile. Nilikaa mchangani nikamtazama, na yale mabati nikayasahau kabisa.

Siku ya nne tulirudi mpaka njia panda, tukapanda bodaboda hadi kijiji kimoja karibu na mlango wa mto. Kwanza tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji tukaandikwa majina. Huko ni mpakani, na mpaka unalindwa. Mwezi Oktoba 2020 wavamizi walikishambulia kijiji cha Kitaya, kilicho kando ya mto huo huo. Mwezi Machi 2021 mji wa Palma, upande wa Msumbiji, ulishambuliwa, na watu wengi wakakimbilia mtoni. Mwenyekiti alituuliza maswali yote yaliyompasa, kisha akatupa mzee wa kutupeleka kwa mtumbwi.

Tuliondoka saa tisa alasiri. Maji yalikuwa yakijaa. Mzee alipiga kafi katika vijito vyembamba, mikoko huku na huku. Alitutajia majina: huu mkoko, ule msinzi, ule mkandaa, na ule mkubwa ni mchu. Kabla ya saa kumi tukatokea mahali peupe. Mbele yetu palikuwa na fungu la mchanga, na kulia kwetu mto mpana, maji yake ya rangi ya udongo, yakikutana na bahari. Ng'ambo ni Msumbiji.

Mzee akasema, "Hata ile ng'ambo, kipande cha Kionga, Wajerumani walikuwa wanakishika. Wareno wakakichukua mwaka 1916, katika vita vile. Mpaka umehama, mto haukuhama." Kisha akasema, "Mwalimu, leo ni bamvua. Maji yatakupwa kwa nguvu. Saa kumi na nusu tuwe tumeondoka."

Hapa, ndugu msomaji, ndipo nilipofanya upumbavu. Nilitaka kupiga picha za ndege. Nilitaka kufika mwisho wa fungu. Simu yangu iliita, nikaona ujumbe wa kunikaribisha Msumbiji, nikafurahi kama mtoto, nikataka kumwonyesha kila mtu. Mzee aliniita mara mbili. Nikamjibu, "Bado kidogo, mzee." Mama Somoe akasema, "Baba Somoe, tazama mtumbwi. Maji yameacha ubavu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Tuliondoka saa kumi na mbili. Tulipoingia kwenye kijito, maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Baada ya hatua chache mtumbwi ukakaa kwenye tope. Kushuka haikuwezekana, maana tope lile linameza mguu hadi pajani. Mzee alikunja kafi lake akasema kwa upole, "Sasa ni mpaka saa nane usiku." Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Giza likaingia. Mwezi ulikuwa haujaandama. Mbu walitujia kama moshi. Tulijifunika kanga zile mbili, watu watatu. Nilimwomba mke wangu radhi. Sikumwona uso. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama naye alivuka hapa usiku kama huu."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza mwezi Septemba 1964. Mwaka uliofuata bibi yake alikimbia na watoto wawili. Mmoja ni mama mkwe wangu, alikuwa na miaka kama minane. Wa pili alikuwa mtoto mchanga wa kiume, na alikuwa na homa kali. Walivuka gizani kwa mtumbwi. Walipofika upande huu, mtoto alikuwa ameshakufa. Walimzika chini ya mchu, kwa haraka, wakaendelea. Baadaye walipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Rutamba, Lindi. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao. Mama mkwe wangu alikuwa ameolewa Newala, akabaki.

"Bibi ndiye aliyenieleza kabla hajafa," alisema mke wangu. "Mama hajatamka neno hilo hata siku moja."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia tulipokuwa nyumbani?"

Akajibu, "Ungefanya iwe safari ya msiba. Mimi nilitaka tuje kutembea. Nilitaka nifike hapa nikiwa na furaha."

Yule mzee alikuwa kimya kwenye tezi ya mtumbwi. Nilidhani amelala. Akasema polepole, "Mama, waliozikwa chini ya michu hii ni wengi. Sisi tunapopita huwa hatupigi kelele."

Saa nane maji yakaanza kutuinua. Kabla hatujaondoka, Mama Somoe alichukua chupa yetu tupu ya maji ya kunywa, akainama, akaijaza.

Tulifika nyumbani siku ya pili jioni, ngozi imejaa alama za mbu. Kaka yangu alicheka sana aliponiona. Watoto walipewa kombe walizoletewa. Mama mkwe alikuwa amekaa barazani akichambua kisamvu. Mke wangu alipiga magoti, akamsalimu, akaweka ile chupa mbele yake. Hakusema ni ya nini.

Mama mkwe aliitazama. Akafuta mikono. Akaifungua, akamimina kidogo kiganjani, akaonja.

"Ina chumvi," alisema. "Sisi tulivuka masika. Maji yalikuwa matamu."

Hakuna aliyejibu. Akaifunga chupa vizuri, akaiweka karibu na mguu wake. Kisha akamuuliza mwanawe, "Ule mchu mmeuona?"

"Michu ni mingi, mama."

"Wetu ulikuwa umeinama kuelekea mtoni," alisema. Akasogeza ungo wa kisamvu pembeni, akamwita Somoe aje akae naye kwenye mkeka, akaanza kumsimulia.