Shilingi Tatu Katika Kila Elfu

Wasomaji wengi wakisikia jina la Shinyanga hukumbuka almasi, ng'ombe na ukame. Wakisikia Geita hukumbuka dhahabu. Lakini mama anayeishi huko haamki alfajiri akiwaza almasi wala dhahabu. Huwaza maji ya kupikia, taka zilizorundikana nyuma ya nyumba, daftari la mtoto, na barua anayotakiwa kuipeleka benki ama mahakamani. Mambo hayo huamuliwa wapi, na huamuliwa na nani? Ndiyo maswali tuliyofunga nayo safari toka Shinyanga mjini, kupitia Kahama, hadi Geita.

Mji wa kukaa

Shinyanga ni mji wa kukaa, si wa kupita. Reli inayotoka Tabora kwenda Mwanza hupita hapa, lakini wenyeji hawana haraka ya abiria wa stesheni. Asubuhi utasalimiwa "Mwangaluka, mayu," na usiposimama kuitikia utaonekana huna adabu. Sokoni tulikuta mchele, choroko, dengu na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, ambavyo mama wa Kisukuma huviweka akiba kwa miezi ya njaa. Mitaa ya Ngokolo, Ndembezi, Kambarage na Ibinzamata ina nyumba zilizobanana, kila moja na ua wake, na katika kila ua kuna ndoo.

Ndoo hizo zina historia. Kwa miaka mingi mji huu ulitegemea bwawa la Ning'hwa na visima, na kiangazi kikikaza akina mama ndio waliokesha kwenye foleni. Mwaka 2009 ulizinduliwa mradi mkubwa wa maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa toka Ihelele wilayani Misungwi hadi Kahama na Shinyanga. Ni kazi kubwa iliyofanywa na serikali kuu. Hata hivyo bomba kubwa haliingii jikoni lenyewe. Kioski kijengwe wapi, nani akabidhiwe ufunguo, nyumba ya mjane iliyo bondeni ifikiwe lini: hayo huanzia mahali padogo sana, chumba kimoja chenye meza, bendera na muhuri. Ni ofisi ya serikali ya mtaa.

Nani ni nani

Tuliwauliza akina mama wengi kama wanawajua viongozi wao. Jina la mbunge walilijua. Jina la mwenyekiti wa mtaa walilijua pia, kwa kuwa ni jirani. Lakini kazi ya kila mmoja wengi hawakuweza kuieleza, basi tuieleze hapa kwa kifupi.

Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kwa miaka mitano; uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Pamoja naye huchaguliwa wajumbe wa kamati, na kati yao kuna nafasi za kundi la wanawake. Mtendaji wa mtaa hachaguliwi. Huyo ni mwajiriwa wa halmashauri. Juu yao kuna kata, yenye diwani aliyechaguliwa na mtendaji wa kata aliyeajiriwa. Madiwani wakikutana ndio Baraza, na katika manispaa wao wenyewe humchagua meya miongoni mwao. Wanawake wana viti maalum vya udiwani visivyopungua theluthi. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mikutano ya kawaida ya Baraza la Madiwani ni ya wazi. Mama mwenye kanga yake anaweza kuingia, akaketi, akasikiliza fedha za mji wake zinavyogawanywa. Hana ruhusa ya kuchangia, lakini ana haki ya kusikia.

Utaratibu huu haukuwapo siku zote. Kuanzia mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa nchini na shughuli zao zikachukuliwa na wakubwa wa mikoa na wilaya. Miji iliumia. Mwaka 1978 Bunge lilianza kuzirudisha halmashauri za miji, na sheria mbili za mwaka 1982, Na. 7 ya wilaya na Na. 8 ya miji, ndizo msingi wa halmashauri tulizonazo leo. Kwa hiyo mama aliyezaliwa miaka ya 1960 ameshaona nchi ikiwa na halmashauri, ikiwa haina, na ikiwa nazo tena. Huyo hahitaji kuelezwa tofauti.

Mkutano chini ya mwarobaini

Katika mtaa mmoja, ambao hatutautaja, tulikaribishwa mkutanoni. Wanaume waliketi kwenye mabenchi. Wanawake walitandika kanga pembeni, nusu yao wakichambua mboga huku wakisikiliza. Ajenda zilikuwa tatu: ulinzi, taka, na mengineyo.

Ilipofika ajenda ya taka, mwenyekiti alisema mchango wa kila nyumba utaendelea kama kawaida. Watu wakaitikia. Ndipo akasimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Alisema kwamba taka zinatupwa kwenye mfereji unaopita karibu na kisima, kwamba watoto wa nyumba tatu wameharisha mwezi huo, na kwamba angependa asomewe mapato na matumizi ya mchango huo kabla hajatoa mwingine. Mzee mmoja alimwambia akae, mambo ya hesabu yatazungumzwa na wanaume. Mama akamjibu, "Shikamoo, baba. Mwenye kufua nepi ni mimi," akabaki amesimama.

Daftari lilitafutwa. Lilisomwa. Hesabu za miezi miwili hazikuwamo, na mtendaji aliahidi mbele ya wote kuzileta. Mkutano ukachagua watu watano kufuatilia, wawili wao wakiwa wanawake, na ikakubaliwa kwamba taka zisitupwe tena mferejini tangu siku ile. Hatukukaa muda wa kutosha kuona ahadi ikitimizwa. Lakini tulipoondoka, kanga zile za pembeni zilikuwa zimesogezwa karibu na mabenchi.

Tusijidanganye kwamba mkutano ni kitu chema kila wakati. Mkutano ni kisu. Hukata mboga, hukata na kidole. Katika dagashida, baraza la kimila la Wasukuma, sauti iliyosikika ilikuwa ya wazee wa kiume. Jeshi la jadi la sungusungu, lililoanza katika nchi hii ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilipunguza wizi wa ng'ombe, na watu walilishukuru. Lakini mkoa huu pia umezika wanawake wazee wengi waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Mahali ambapo hakuna mwanamke anayezungumza, nani atasema kwamba macho yale ni ya moshi tu?

Upande wa pili, upo ushahidi wa wema. Miti ilipokwisha na ardhi kuanza kuwa jangwa, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa kufufua ngitili, yaani desturi ya kale ya kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Mipaka ya ngitili ilikubaliwa vijijini, na adhabu ya kuivunja ilipangwa vijijini. Kuni zikarudi karibu, na hatua za akina mama zikapungua.

Kahama: mgodi ukifungwa

Tulitoka Shinyanga kwa njia ya Tinde na Isaka, penye bandari kavu na malori yanayoelekea Rwanda na Burundi, hadi Kahama. Mji huu umekua haraka mno, na mwaka 2021 ulipandishwa kuwa manispaa. Mwaka huohuo mgodi wa Buzwagi, ulioko karibu na mji, ulimaliza uzalishaji, baada ya miaka kama kumi na miwili tu. Mgodi wa Bulyanhulu, kule Kakola, bado unachimbwa.

Hapa ndipo mama anapaswa kuelewa hesabu. Kampuni na wafanyabiashara hulipa halmashauri ushuru wa huduma. Kwa miaka mingi sheria iliweka ushuru huo usizidi asilimia 0.3 ya mauzo, yaani shilingi tatu katika kila elfu. Mgodi ukiwa hai, shilingi tatu hizo huwa mamilioni mengi. Mgodi ukifungwa, chemchemi hiyo hukauka. Mtoto aliyezaliwa siku Buzwagi ilipofunguliwa alikuwa bado shule ya msingi ilipofungwa. Je, fedha za miaka ile zilimjengea darasa? Swali hilo hujibiwa kwa daftari la halmashauri, na daftari hilo ni la wananchi.

Geita: mwaloni

Geita ulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza hadi mwaka 2012 ulipotangazwa kuwa mkoa. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2017, kila mgodi hutakiwa kuandaa mpango wa huduma kwa jamii kila mwaka na kukubaliana na halmashauri husika. Kwa maneno mengine, zahanati ipi ijengwe na fedha za mgodi si hisani ya mzungu wala ya meneja. Ni jambo la kujadiliwa na diwani wako.

Mbali na uzio wa mgodi wapo wachimbaji wadogo, kama wale wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu. Wanaume hushuka duarani. Wanawake hubaki juu wakiponda mawe, wakibeba mifuko kupeleka karashani, wakiosha mchanga mwaloni, wakipika ugali wa kuuza. Tuliona mama akiponda mawe huku mtoto wake mchanga amelala chini ya turubai, hatua chache toka karai. Tunasema bila kuficha: zebaki inayotumika kukamatia dhahabu ni sumu, na moshi wake wakati wa kuchoma ndio mbaya zaidi. Huharibu ubongo na figo, na hudhuru mimba. Isichomwe nyumbani, isichomwe karibu na mtoto, wala sufuria iliyotumika isirudi jikoni.

Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu hapa Geita, ili mchimbaji auze kwa mizani inayoonekana na halmashauri ipate haki yake. Basi tufanye hesabu pamoja, mama mwenzetu, kwa kiwango kile cha miaka mingi. Dhahabu ya shilingi 1,000,000 ikiuzwa, halmashauri hupata 3,000. Sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika zile 3,000, fungu la mikopo ni 300, na fungu la wanawake ni 120.

Shilingi 120 ni kidogo. Hainunui hata andazi. Lakini milioni ngapi huuzwa Geita kwa siku moja? Shilingi hizo zikikusanywa kwa uaminifu huwa cherehani, jokofu la mama lishe, mashine ya kukoboa mpunga. Zikikosa wa kuzihesabu, hupotea. Na ziliwahi kupotea: mwaka 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii nchini baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine havikuwapo kabisa. Mwaka 2024 ilirejeshwa kwa utaratibu mpya. Vikundi hewa huandikwa mahali ambapo hakuna anayejuana. Katika mtaa ambao akina mama huhudhuria mkutano, kikundi hewa kitasomwa jina na watu watacheka.

Tuulize nini?

Tumerudi na maswali machache, tunayowapa ninyi mnaosoma, mkiwa Shinyanga, Songea au Tanga.

Mkutano wa mtaa au kijiji chako ulifanyika lini mara ya mwisho? Kijiji hutakiwa kukutana angalau kila miezi mitatu. Je, mapato na matumizi yalisomwa, au yalibandikwa ubaoni? Nani ni wajumbe wanawake wa mtaa wako, na wamewahi kukutembelea? Kiwango cha ushuru wa huduma ni kipi mwaka huu, kwa kuwa viwango hubadilishwa Bungeni? Na halmashauri yako ilitoa mikopo kwa vikundi gani vya wanawake?

Wewe mwenyewe una shughuli nyingi, twajua. Chakula hakijipiki, na mume anaporudi anataka kukuta nyumba imetulia. Zungumzeni naye mapema, siku ya mkutano mmoja abaki na watoto, mwingine aende. Zamu nyingine mbadilishane. Au nendeni pamoja na mtoto mgongoni, kama yule mama wa chini ya mwarobaini. Chukua daftari dogo na kalamu. Andika tarehe, andika ahadi, andika jina la aliyeahidi. Mkutano ujao, soma.