Ngazi Elfu Kumi za Mlima Girnar

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, kama ulikulia katika mji wowote wa Afrika Mashariki, bila shaka unalikumbuka duka la Mhindi lililokuwa pembeni mwa mtaa wenu, lenye mizani juu ya meza na picha ya mungu iliyovishwa shada la maua ukutani. Yamkini mwenye duka huyo, au babu yake, alitoka Kathiawar, rasi iliyo magharibi mwa India katika jimbo la Gujarat. Kutoka pwani hiyo majahazi yalisukumwa na kaskazi hata yakatia nanga Zanzibar, Mombasa na Lamu. Na pamoja na vitambaa yakatuletea maneno kama laki na bepari, ambayo leo tunayatamka kana kwamba tulizaliwa nayo.

Ndani ya rasi hiyo, karibu na mji wa Junagadh, umesimama mlima Girnar, wenye kimo cha mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezoea kuutazama Kilimanjaro, kimo hicho ni cha kuchekwa. Lakini usicheke. Girnar haupandwi kwa njia ya udongo bali kwa ngazi za mawe, na wenyeji huzihesabu ngazi hizo kuwa 9,999. Mwisho wake, juu ya kilele chembamba kilichojitenga na vingine, pana hekalu dogo la Dattatreya, ambaye Wahindu humwona kuwa ni Brahma, Vishnu na Shiva katika umbo moja. Hapafiki gari. Hufika miguu ya binadamu tu: ama yako wewe, ama ya mwingine aliyekubeba.

Makala haya yanahusu hiyo miguu ya mwingine.

Mizani ya watu

Junagadh, jina ambalo maana yake ni ngome kongwe, hufikiwa kwa basi au treni kutoka Rajkot, mwendo wa kilomita 100 hivi. Ukifika, usilale mjini. Tafuta kitanda katika nyumba za wageni za Bhavnath, kitongoji kilicho chini ya mlima, uamke saa tisa za usiku. Anayeianza safari baada ya jua kuchomoza huijutia, kwani mawe yale hushika joto kama kikaango. Nunua fimbo, wala usibebe maji mengi, maana njiani vipo vibanda vya chai na maji ya ndimu. Na mzigo ulio mwepesi alfajiri huwa mzito ifikapo adhuhuri.

Hapo chini ndipo utakapowaona wachukuzi wa doli. Doli ni machela ya huko: kiti kidogo kilichoning'inizwa kwenye mti, ambacho wanaume wawili, au wanne abiria akiwa mnene, hukichukua mabegani. Na kwa kuwa mzigo ni mtu, nauli hufuata kilo. Kwa desturi ya mahali hapo abiria hupandishwa kwenye mizani kubwa, akapimwa mbele ya kadamnasi kama gunia la pamba, ndipo bei itajwe.

Nilipoona hayo moyo uliniingia simanzi. Wazee wetu walitusimulia jinsi walivyoshurutishwa kumbeba Bwana Shauri kwa machela, kijiji hata kijiji, naye amejilaza na kofia yake usoni. Shuleni tulifundishwa kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba kila mtu ale jasho lake. Basi nikaapa kimoyomoyo kwamba hata magoti yavunjike, sitambebesha mtu uzito wangu.

Ngazi za bahati nasibu

Vidato elfu ya kwanza hupita katikati ya msitu mkavu. Usitoke nje ya njia. Msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2008, na wamo simba na chui. Simba wote wa Asia waliosalia porini duniani wamo katika jimbo hili la Gujarat peke yake. Katika hesabu ya mwaka 2025 walikuwa 891. Hata hivyo wale utakaokutana nao kwa hakika ni nyani wenye uso mweusi na mkia mrefu, ambao hawamwogopi mtu na hupenda kupekua mifuko.

Utakutana pia na watu. Wamo akina mama waliofunga vilemba vya khanga zao dhidi ya baridi ya alfajiri, vijana wanaoshindana mbio, na watawa waliovaa nguo za rangi ya machungwa. Kila anayeshuka humwambia anayepanda, “Jai Girnari!”, yaani ushindi uwe kwa Bwana wa Girnar. Usione haya kuitikia. Pumzi inapokwisha, salamu ya mgeni ni nusu ya chai.

Sasa sikiliza jinsi ngazi hizi zilivyopatikana. Zamani njia ilikuwa mbovu, na mahujaji waliumia. Mwaka 1889 ikaanzishwa bahati nasibu. Watu wakanunua tiketi, na faida ikatumika kuchonga na kupanga mawe. Mtawala wa Junagadh wakati huo alikuwa Nawabu, Mwislamu. Basi mlima wa Wahindu na Wajaini ulipata ngazi chini ya utawala wa Mwislamu, kwa senti za watu ambao wengi wao hawakushinda chochote, na mawe yakapangwa kwa mikono ya vibarua. Kila kidato unachokikanyaga kilibebwa na mtu kabla hakijakubeba wewe.

Baada ya vidato elfu nne hivi utafika kwenye kundi la mahekalu ya Wajaini, yaliyojengwa kwenye ukingo wa jabali kana kwamba yameota hapo. Kubwa kuliko yote ni la Neminatha, wa ishirini na mbili katika walimu wakuu ishirini na wanne wa dini hiyo, nalo ni la karne ya 12. Vua viatu, na uache nje kila kitu cha ngozi, kwani Mjaini hataki kudhuru kiumbe chochote. Marumaru yale ni baridi chini ya nyayo zinazowaka, na ukimya wake humfanya hata asiye wa dini hiyo ateremshe sauti.

Maneno ya mchukuzi

Kidato cha elfu tano na ushei kinakufikisha kwa Ambaji, hekalu la mungu mama, ambako maarusi huja kuombea ndoa zao. Tangu Oktoba 2020 pana jambo jipya: gari la waya, lenye urefu wa kilomita 2.3, linalopanda kutoka Bhavnath hadi hapa kwa dakika chache. Waya unaishia hapo. Anayetaka kumfikia Dattatreya bado hana budi kuteremka na kupanda tena vidato vingine maelfu.

Ni hapo Ambaji ambapo goti langu la kulia lilikataa amri. Nilikaa juu ya ukuta mfupi nikilisugua, mara mchukuzi mmoja wa makamo, mwenye sugu begani kubwa kama ngumi, akanijia na kunisemesha Kigujarati. Nilipotikisa kichwa alishangaa sana. Kijana mwanafunzi aliyekuwa akipanda nasi akanitafsiria: alikuwa akiuliza kama mimi ni Msiddi wa Jambur.

Swali hilo halikuwa la mzaha. Jambur ni kijiji kilicho kando ya msitu wa Gir, kusini mwa mlima huu, na wakazi wake ni Wasiddi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita, wengine wakiwa watumwa, wengine askari na mabaharia. Leo husema Kigujarati kama jirani zao, lakini ngoma yao bado huitwa goma. Hao nao babu zao walipata kuwa mizigo, tena bila nauli.

Nilimweleza kwamba natoka Afrika yenyewe. Akacheka, akanionyesha doli yake. Nami, kwa fahari kidogo, nikamjibu kwamba kwetu tuliiacha desturi ya binadamu kumbeba binadamu mwenzake.

Aliisikiliza tafsiri mpaka mwisho. Kisha akasema, “Ndugu yangu, baba yangu alibeba watu hapa, na mimi nabeba. Tangu waya ulipokuja, wengi hupita juu ya vichwa vyetu. Wewe ukinionea huruma na kwenda zako, watoto wangu watakula huruma?”

Msomaji, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na somo nililolikariri, na mtu yule alikuwa na mfuko mtupu. Wakati nikitafuta la kusema, ilipita doli nyingine. Ndani yake alikuwa ameketi bibi kizee mwembamba, miguu imepooza, midomo ikitaja jina la mungu wake kwa kila kidato. Wachukuzi walipomtua ili wapumzike, alitoa chupa ya maji, akawapa wao kwanza, ndipo akanywa yeye. Hakuwa Bwana Shauri yule, wala wale hawakuwa wameshurutishwa. Pasipo mabega yao asingekiona kilele hata kufa.

Hapo nikafahamu kwamba kosa langu lilikuwa kutazama kiti na kusahau malipo. Wapagazi wetu wa Kilimanjaro nao huishi kwa mabega, na mizigo yao hupimwa getini ili mtu asibebeshwe kupita kiasi. Mizani ni ileile, lakini ya Kilimanjaro humlinda mchukuzi, na ile ya Bhavnath humtajia abiria bei. Basi tulipatana na yule bwana: mimi nitembee, yeye anichukulie mkoba na kunishika mkono penye mteremko mkali, kwa ujira wa doli kamili. Akaiacha doli kwa mwenzake, tukaondoka.

Kileleni

Njia hupita kilele cha Gorakhnath, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote katika jimbo zima, kisha huteremka kwa ghafla hata moyo ukakuuma kwa vidato ulivyovilipia kwa jasho. Baada ya hapo hupanda tena, wima, upepo ukivuma pande zote mbili. Hekalu lenyewe ni chumba kidogo. Ndani yake mna alama za nyayo na sanamu. Nje mna kengele. Na kuzunguka ni hewa tupu mpaka kwenye mashamba ya chini kabisa. Wahindu husema nyayo zile ni za Dattatreya. Wajaini huamini kwamba hapo ndipo Neminatha alipoifikia nirvana. Ugomvi huo umefikishwa hata mahakamani. Mwenzangu hakuuzungumzia. Aligusa kizingiti, akagonga kengele mara moja, akaniambia kwamba kwa kawaida hufika hapo akiwa hoi kiasi cha kutotazama kitu. Siku ile alitazama muda mrefu.

Chini kidogo ya kilele, mahali paitwapo Kamandal Kund, mahujaji hupewa chakula bure. Utaketi sakafuni mstarini pamoja na mwenye duka, mkulima na mchukuzi, na hakuna atakayekuuliza dini yako.

Wahenga wetu walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Jiandae. Vidato vile ulivyovihesabu kwa pumzi utavihesabu tena kwa magoti, na kesho yake utashuka kitandani kinyumenyume.

Jiwe la njiani

Unaporejea mjini, teremka kwenye bajaji mbele ya jengo dogo lililo kando ya barabara. Ndani yake mna jabali kubwa lenye maandishi ya watawala watatu. Ya kwanza ni amri za Mfalme Ashoka, za karne ya 3 kabla ya Kristo, zinazohimiza visima vichimbwe na miti ipandwe njiani, na kuonya kwamba anayeisifu dini yake kwa kuitukana ya mwenzake huidhuru ya kwake mwenyewe. Laiti wagombea nyayo wangeanzia safari hapo!

Ya pili ni ya Mfalme Rudradaman, ya mwaka 150 hivi baada ya Kristo, nayo ndiyo iliyonisimamisha kwa mguu wangu mmoja mzima. Yaeleza kwamba dhoruba ilivunja bwawa la maji lililokuwa karibu na hapo, na wananchi wakakata tamaa. Mfalme akalijenga upya kwa fedha za hazina yake, na mwandishi wake akaona ni jambo la kujivunia kwamba watu hawakutozwa kodi wala hawakutiwa katika kazi ya shuruti. Ya tatu, ya karne ya 5, yasimulia bwawa hilohilo likivunjika na kutengenezwa tena.

Mabwawa huvunjika, ngazi huchakaa, na siku moja waya nao utakatika. Kazi ya kubeba haitakwisha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Girnar, panda kwa miguu yako kama inakubali. Kama haikubali, usione haya kuketi kwenye doli. Lakini lipa bei nzima bila kuikata, na watakapokutua penye kivuli, mkumbuke yule bibi kizee: maji wapate wao kwanza.