Deni Letu la Kayna

Tunapoufafanua mfano wa Msamaria Mwema, tunakaa sana juu ya kuhani na Mlawi waliopita kando. Mwenye nyumba ya wageni tunamsahau. Ndiye aliyebaki na majeruhi mikononi, pamoja na ahadi ya msafiri kwamba gharama iliyozidi angeilipa atakaporudi. Mtakatifu Luka hasemi kama Msamaria alirudi.

Sisi tuliozoea Barabara ya Taifa namba 2, kutoka Butembo hadi Goma, tunawafahamu watu wa namna hiyo. Lubero, Kirumba, Kayna na Kanyabayonga ziliishi kwa wapita njia. Lori lilipowasili, viazi vilikuwa vimekwisha kuiva. Kabla ya kuteremka Kabasha kuelekea uwanda wa Rwindi, dereva mwenye akili alikula kwanza, kisha akakagua breki.

Mwezi wa Oktoba 2022 tulisafiri makatekista watatu, na gari likaharibika Kayna. Mama mmoja alitulaza, akatulisha maharagwe na viazi jioni na asubuhi. Tulikuwa na noti kubwa ya dola, naye hakuwa na chenji. Akacheka: “Muende tu, walimu. Mutalipa mukirudi.”

Tarehe 29 ya mwezi huo M23 walitwaa Kiwanja na Rutshuru. Njia ikafungwa nyuma yetu. Tulirudi kwa kuzunguka Uganda, tukaingia Kasindi, tukapita Beni, kisha tukamaliza zile kilometa 54 za kufika Butembo. Nyumbani walitupokea kwa nyimbo. Kayna hatukupita.

Tangu hapo mizigo mingi imefuata mzunguko huohuo. Hatumlaumu mfanyabiashara: mtoto wake naye anahitaji kula, na barabara ya Kasindi nayo ina makaburi yake. Lakini tulikuwa tumezoea kusema kwamba “njia imehama”, kana kwamba waliokaa kandokando yake walihama nayo. Wao walibaki palepale na sufuria zao, hadi Juni 2024, Kanyabayonga ilipotekwa na watu wengi wa pande hizo wakakimbilia Lubero na Butembo.

Vijana wa shirika letu waliposikia habari hii walishauri kwamba fedha ile, ambayo tumeihifadhi katika bahasha ndani ya kitabu cha katekisimu, apewe mkimbizi yeyote mwenye shida. Tulikataa, tukabishana hata giza likaingia. Sadaka tumetoa, na tutazidi kutoa. Deni ni jambo jingine, lina mwenyewe. Ndipo kijana mmoja alipotuuliza mama huyo anaitwa nani. Tulinyamaza. Tulilala kwake, tukala kwake mara mbili, tukaongoza hata sala ya kubariki chakula chake, na jina lake hatukuliuliza.

Basi vijana wakaanza kuulizia wenyewe, nyumba kwa nyumba. Dominika iliyopita walitupeleka kwa mama mmoja wa Kayna anayeuza maharagwe karibu na soko. Hakuwa yeye. Alitusikiliza hadi mwisho, akapangusa mikono, akauliza kama nyumba ile ilikuwa upande wa juu wa barabara au upande wa chini.

Tulitazamana sisi watatu. Kila mmoja alitoa jibu lake.