Siku Tuliyompeleka Baba Kivukoni

Nilikuwa Dar es Salaam na familia, na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Tulimpeleka Baba kwenye matibabu. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, na la kulia daktari alituambia wazi kuwa upasuaji ni wa kulinda kilichobaki, kwani kilichopotea hakirudi. Tulifika Alhamisi, upasuaji ukapangwa Jumatatu.

Jumamosi asubuhi, pale Mbezi kwa ndugu yetu tulikofikia, Mama akamuuliza Baba angependa kula nini. Baba akajibu, "Nataka kuiona bahari."

Jamani, niliona aibu. Baba ni mwalimu mstaafu, kafundisha historia shule za msingi huku kwetu Songea na Namtumbo zaidi ya miaka 30. Mimi mwenyewe nimekaa darasani kwake, nikamsikia akieleza habari za Sultani Majid aliyeanza kuujenga mji ule miaka ya 1860, na Wajerumani waliouhamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Bandari ya salama alikuwa akiichora ubaoni kwa chaki. Kumbe hajawahi kuiona! Nimekaa Mlimani miaka mitatu, yeye akija mara moja tu kwenye mahafali yangu, kesho yake alfajiri nikamrudisha stendi. Wala sikufikiria kumshusha Kivukoni.

Basi tukapanda mwendokasi: Baba, Mama, mdogo wangu, mpwa wangu wa miaka sita na mimi. Kituo cha mwisho ukishuka tu, harufu ya samaki wa Feri inakupokea. Mpwa wangu, ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona ni Ziwa Nyasa pale Mbamba Bay, akapiga kelele, "Babu, ziwa hilo!" Babu akamwambia ayaonje. Dogo akachota, akaonja, akatema. Tulicheka mpaka mama muuza karanga akacheka nasi.

Tukatembea taratibu kufuata ufukwe. Kwenye kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambalo ujenzi wake ulianza 1898, Baba alisimama muda mrefu, kichwa kakigeuza upande ili jicho la kulia lifanye kazi. Hakutaka kuelezwa. Alitaka kutafuta mwenyewe: mnara ule, vigae vyekundu vile.

Pale Mtakatifu Yosefu alivua kofia. Mkatoliki wa kwetu hawezi kupita hapo bila kuikumbuka Peramiho. Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, baadaye alikuwa askofu hapa Dar. Mwaka 1905 alikuwa njiani kurudi Peramiho kupitia Kilwa, Vita vya Majimaji vimeshaanza, wapiganaji wakamuua yeye, mabruda wawili na masista wawili. Baba akasema hadithi hiyo alikuwa akiifundisha kwa shida sana, maana darasani alikuwa na watoto waliobatizwa Peramiho, na hao hao ni wajukuu wa wapiganaji.

Halafu akaniuliza, "Götzen alikuwa anakaa wapi?"

Nikamnyooshea kidole upande wa Ikulu. Nyumba ya gavana wa Kijerumani ilikuwa huko, ikapigwa mizinga na Waingereza mwaka 1914, nao wakaja kuijenga upya. Huwezi kusogea, lakini miti inaonekana. Baba akaitazama ile miti. "Kwa hiyo mkubwa wao alikuwa anaamka hapa, anaangalia bahari."

Hakuongeza neno, na sisi tulielewa. Sisi watu wa Songea tunaijua tarehe 27 Februari 1906 kuliko siku zetu za kuzaliwa, siku walipoanza kunyongwa wazee wetu zaidi ya 60. Nduna Songea Mbano naye akanyongwa, na kichwa chake kinatafutwa hadi leo. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea kuomba msamaha. Mimi nilikuwepo na daftari langu. Niliandika sana siku ile, lakini swali la Baba sikuwahi kujiuliza. Kwetu tunajua kamba ilifungwa wapi. Amri ilikotoka nilikuwa napita kila siku nikienda kula samaki wa Feri.

Tukazungukia sanamu ya Askari. Hapo mwanzo ilisimama sanamu ya Wissmann, Waingereza wakaitoa walipouteka mji mwaka 1916, na mwaka 1927 wakamweka askari Mwafrika. Baba akapapasa maandishi kwa vidole. Akasema na walioshika bunduki kuja Songea wengi walikuwa weusi kama huyu, na hilo nalo watoto wafundishwe.

Jua lilipokuwa kali tukapanda pantoni kwenda Kigamboni, shilingi 200 kila mmoja, ili auone mji kutokea majini. Baba alikataa kukaa. Alishika chuma cha pembeni, akawa anahesabu majengo kama anaita mahudhurio. Meli kubwa ilikuwa inaingia kutoka baharini, polepole. Baba akashtuka.

"Mlango wenyewe ndio ule? Mbona mwembamba hivi!"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana mawimbi hayaingii.

"Nimewakosesha watoto," akasema. "Miaka yote nimeuchora mpana."

Upasuaji ulifanyika Jumatatu kama ulivyopangwa. Tumerudi Songea, jicho bado linauguzwa na tunasubiri kliniki ijayo. Mwanga anauona. Zaidi ya hapo tunamwachia Mungu. Wewe ambaye wazazi wako bado wanaona na wanatembea, nauli ya mwendokasi si kitu. Wapeleke mapema.

Jana alinipigia, hakuuliza habari za kazi. Alisema, "Andika huko unakoandikaga, wanafunzi wangu wengine wanasoma." Basi, kwa wote mliofundishwa na Mwalimu kwa chaki na ubao huku Songea na Namtumbo, marekebisho ni haya: mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba. Mwalimu ameuona kwa jicho lake.