Barabara ya Machakos: David Maillu na Swali la Fasihi Pendwa

Kabla Nairobi haijawa mji, Machakos ilikuwa tayari makao ya utawala. Kampuni ya Kiingereza iliyotangulia serikali ya kikoloni iliweka kituo chake hapo mwaka 1889. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 bila kupitia Machakos, utawala nao ukahamia huko, na Machakos ikabaki mahali pa kuondokea. Tangu hapo barabara ya takriban kilomita 60 imewabeba wanaume, na baadaye wanawake, kutoka vilima vya Ukambani kwenda kutafuta mshahara mjini. David Maillu alizaliwa Kilungu mwaka 1939, wakati Kilungu ilipokuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Makueni ilitengwa mwaka 1992. Kazi zake haziwezi kueleweka vyema bila barabara hiyo.

Uhakiki wa Kenya haukuanzia barabarani. Ulianzia kwenye jalada. Maillu alipoanzisha Comb Books mjini Nairobi mapema katika miaka ya 1970, Charles Mangua alikuwa amekwisha kuonyesha kwa *Son of Woman* (1971) kwamba wako wasomaji wanaotaka kusoma habari za mji kwa lugha ya mji. Maillu akawaletea vijitabu vyepesi, vya bei nafuu: *Unfit for Human Consumption* na *My Dear Bottle* mwaka 1973, kisha *After 4.30* mwaka 1974. Vilinunuliwa kwa wingi, vikaazimwa, vikafungwa karatasi za gazeti ili jalada lisionekane. Tanzania ilivipiga marufuku. Katika vyuo vikuu vilitajwa aghalabu kama mfano wa kile ambacho fasihi haipaswi kuwa.

Hoja ya matusi si ya kupuuzwa, kwani matusi yamo. Hata hivyo, yeyote anayesoma hadi ukurasa wa mwisho hukuta kwamba aliyeshika kalamu ni mhubiri. Jonathan Kinama wa *Unfit for Human Consumption* ni mtumishi wa serikali mwenye mke na watoto kijijini, na mshahara wake unaishia kwenye chupa na kwa wanawake wa mjini. Mwisho wake ni kujiua. Hakuna mzee wa kanisa pale Machakos ambaye angemhukumu kwa ukali zaidi. Anasa zinasimuliwa kwa kirefu, naam, lakini kila starehe ina deni lake, na deni hilo hulipwa.

Msuko huo huo ndio unaoiendesha riwaya ya mapenzi, ijapokuwa sauti yake ni ya upole. Katika *For Mbatha and Rabeka* (1980), iliyotoka katika mfululizo wa Pacesetters wa Macmillan, Mbatha ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na Rabeka ni mchumba wake tangu ujana. Rabeka anafika Nairobi, anakutana na Mawa, kijana wa mjini mwenye kila dalili ya maendeleo, na moyo wake unayumba. Swali linaloulizwa ni la mapenzi kwa juu tu. Kwa ndani ni swali la barabara: je, anayekwenda hurudi akiwa nani?

Katika kejeli yake ya kisiasa, mzigo wa lawama unahama kutoka kwa msafiri na kuwaangukia wenye mji. *After 4.30* imepewa jina la saa ya kufunga ofisi, yaani saa kumi na nusu alasiri, wakati ambapo mamlaka ya bosi juu ya karani wake wa kike yangepaswa kukoma lakini hayakomi. Masimulizi hayo ya kishairi yanauonyesha uhuru wa 1963 kutoka upande wa aliyeachiwa taipureta. Wakubwa waliorithi viti vya wakoloni wamerithi pia imani kwamba kilichomo ofisini ni mali yao.

Katika riwaya ya ujasusi, mkubwa mwovu amekua hadi kimo cha bara zima. Benni Kamba, jasusi 009 wa *The Equatorial Assignment* (1980), anatumikia shirika la Afrika nzima na kupambana na Dr Thunder, mtu wa kutumikia maslahi ya nje. Nambari yake inamkejeli waziwazi James Bond, ilhali jina lake linamrudisha Ukambani. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye katika *Kufa na Kupona* (1974) alitumwa Nairobi kwa ajili ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Inashangaza kwamba majasusi wawili waliolitumikia bara moja wamewekwa katika idara mbili tofauti: mmoja anahakikiwa kama riwaya pendwa ya Kiswahili, mwingine anasubiri mlangoni pa Idara ya Kiingereza.

Utetezi huu una mipaka. Mahubiri ya Maillu mara nyingi humkanyaga mhusika. Anayepaswa kuteleza huteleza kwa amri ya mwandishi. Tatizo kubwa zaidi ni mwanamke. Karani wa *After 4.30* analalamika kwa haki, lakini sauti yake ni ya mwanamume anayemsemea, na jicho linalomtazama halitofautiani sana na jicho la bosi. Uhakiki uliokitupa kitabu kizima kwa sababu ya matusi ulipoteza fursa ya kuijadili kasoro hii, ambayo ni nzito kuliko matusi yenyewe.

Kuna jambo jingine linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 1989 Maillu alitoa *Without Kiinua Mgongo*, kitabu kinachochanganya Kiingereza na Kiswahili. Neno la jina hilo halikutafsiriwa, na lisingetafsirika bila hasara. Kiinua mgongo ni malipo ya anayemaliza kazi, lakini neno lenyewe linauona mgongo uliopinda kwa miaka mingi ya kuinama. Hapo mwandishi aliyeanza na kitabu cha Kikamba, kisha akauza maelfu kwa Kiingereza, alikubali kwamba lugha ya safari ile, ya kituo cha basi na ya mtumishi anayedai haki yake, ilikuwa Kiswahili tangu mwanzo.

Wengi waliovificha vitabu vya Comb Books chini ya dawati katika miaka ya 1970 ndio waliokuja kuandaa silabasi, na havikuingia humo. Walijifunza kutofautisha fasihi dhati na fasihi pendwa, na mpaka huo ukapita katikati ya kumbukumbu zao wenyewe. Kuvirudisha darasani hakuhitaji kuvisifu. Kunahitaji tu kuvisoma kwa makini yale yale yanayotolewa kwa Musiba, huku mabasi ya Nairobi yakiendelea kujaa asubuhi pale Machakos, na walioketi ndani wakiwa ni wale wale alioandika habari zao.